Kiwango Kimoja, Vituo Vingi: Nafasi ya Lugha katika Usanifishaji wa Usalama wa Wingu kwa Mfano wa Hima, Magharibi mwa Uganda

Ikisiri

Kampuni zenye vituo katika nchi nyingi zinazidi kuhamishia ulinzi wa mifumo yao ya kompyuta katika huduma za wingu ili kila kituo kifuate kiwango kimoja. Mijadala mingi kuhusu uhamisho huo huishia kwenye programu, mitambo na gharama. Makala haya yanaeleza jinsi usanifishaji huo unavyofanya kazi na yanadai kwamba haukamiliki mpaka maneno ya kiwango yawe na maana moja kwa kila anayepaswa kuyatekeleza. Mfano unaotumika ni Hima, mji wa kiwanda cha saruji katika Wilaya ya Kasese, pamoja na njia ya biashara inayopitia Bwera kuelekea Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Makala yanachambua istilahi tatu, yaani usalama, wingu na nywila, yanazihusisha na matukio ya ulimwengu yaliyoandikwa kwa kina, kisha yanapendekeza mpangilio wa lugha wa tabaka tatu unaoweza kufuatwa na kampuni na wasimamizi wa sera katika Afrika Mashariki.

1.0 Utangulizi

Neno usanifishaji si geni kwa wataalamu wa Kiswahili. Mwaka 1930 iliundwa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki iliyozihusisha Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, na kazi yake kubwa ikawa kuipa lugha tahajia moja, msamiati wa pamoja na vitabu vya kufundishia, kwa kutumia Kiunguja kama msingi. Historia hiyo imeacha funzo linalofaa hata nje ya isimu: kiwango hushika mizizi pale kinapotenganisha mambo yanayopaswa kufanana na yale yanayoweza kutofautiana. Tahajia ilifanana, lafudhi na misemo ya mahali iliendelea kuishi. Tena, kiwango kilikubalika zaidi mahali palipokuwa na walimu, vitabu na sababu ya kukitumia kuliko mahali kilipofika kama amri tu.

Wahandisi wa usalama wa mitandao wanakabiliwa na kazi inayofanana na hiyo. Kampuni yenye makao makuu Ulaya na vituo katika mabara kadhaa hutaka mfanyakazi wa kila mahali atambuliwe kwa njia moja, kompyuta zote zipate masasisho kwa wakati, na tukio la uvamizi liripotiwe kwa utaratibu mmoja. Huduma za wingu zimerahisisha lengo hilo, kwa kuwa kanuni ikiandikwa mara moja katika mfumo wa kati inaweza kutumika vituo vyote ndani ya dakika chache. Hata hivyo, sehemu kubwa ya kanuni hizo hutekelezwa na watu: karani wa mizani anayefungua kiambatisho, fundi wa zamu ya usiku anayeona maandishi asiyoyajua kwenye kioo cha kompyuta, dereva anayepokea ujumbe wa kubadilisha namba ya malipo. Kwao, kiwango ni matini. Wasipoyaelewa maneno yake, au wakiyaelewa kwa namna tofauti na aliyeyaandika, kampuni inabaki na programu moja na viwango vingi.

Makala haya hayachunguzi mifumo ya ndani ya kampuni yoyote. Hima inatumika kwa sababu historia yake iliyo hadharani na mazingira yake ya lugha yanaonyesha wazi mambo ambayo kituo cha mbali humlazimisha mtunga kiwango kuyafikiria.

2.0 Hima kama Kituo cha Mbali

Mji wa Hima uko kaskazini mwa mji wa Kasese, kando ya barabara iendayo Fort Portal, chini ya Milima ya Rwenzori. Uhai wake umefungamana na chokaa na saruji. Kiwanda chake kilianza kikiwa mali ya umma, kikabinafsishwa katika miaka ya 1990, na mwaka 1999 kikaingia katika kundi la Lafarge la Ufaransa kupitia Bamburi Cement ya Kenya. Mwaka 2015 Lafarge iliungana na Holcim ya Uswisi, na mwaka 2021 kundi hilo likachukua jina la Holcim. Mwezi Machi 2024 hisa zilizokuwa za Bamburi zilihamia kwa Sarrai Group ikishirikiana na Rwimi Holdings. Ndani ya robo karne, tanuri lilelile limekuwa chini ya makao makuu ya majina tofauti, Paris, Uswisi na hatimaye Kampala, huku wafanyakazi wengi wakiwa ni wenyeji wa mahali hapohapo.

Kwa mtaalamu wa usalama, kila badiliko la umiliki ni jaribio la kiwango. Orodha ya watumiaji hugawanywa, anwani za barua pepe hubadilishwa, na akaunti za zamani hupaswa kufutwa. Hatari ya akaunti iliyosahauliwa si ya kubuni. Mwaka 2021, wavamizi waliingia katika mtandao wa Colonial Pipeline ya Marekani kupitia akaunti ya zamani iliyokuwa haitumiki tena lakini haijafungwa, nayo haikuwa na uthibitishaji wa hatua mbili. Kampuni ililazimika kusimamisha bomba kubwa la mafuta la mashariki mwa nchi hiyo kwa siku kadhaa.

Jambo la pili ni upana wa mnyororo. Shughuli za saruji ya Hima hazikomei kiwandani. Kuna kituo cha kusaga saruji Tororo, mashariki mwa nchi. Kuna wakulima na wafanyabiashara wa kahawa ambao maganda ya zao hilo hununuliwa kuwa kuni za tanuri. Na kuna malori yanayopeleka saruji upande wa Bwera na mpaka wa Mpondwe, ambako ng'ambo ya pili ni Kasindi na barabara ya Beni. Kila mmoja wao anaweza kuwa na akaunti, stakabadhi au namba ya malipo inayogusa mfumo wa kampuni. Mwaka 2013 kampuni ya maduka ya Target nchini Marekani ilivamiwa kupitia hati za kuingilia za mkandarasi mdogo wa mitambo ya kupozea hewa. Mlango uliotumika ulikuwa wa mtu ambaye hakuna aliyemhesabu kuwa sehemu ya mtandao.

Jambo la tatu ni lugha. Katika Wilaya ya Kasese, Lukonzo ndiyo lugha ya kwanza ya watu wengi, sambamba na Rutooro na lugha nyingine za jamii za eneo hilo. Kiingereza ni lugha ya shule na ofisi. Kiswahili kinasikika zaidi kadiri mtu anavyokaribia Bwera, kwa kuwa wafanyabiashara wa Kasindi, Beni na Butembo huja nacho pamoja na Kifaransa na Kinande, lugha iliyo ndugu ya Lukonzo. Kiwango kilichoandikwa kwa Kiingereza cha kisheria hupita katika lugha tatu au nne kabla ya kufika kwa mtu anayeshika usukani.

3.0 Mambo Yanayosanifishwa katika Usalama wa Wingu

Kabla ya kuendelea na lugha, ni vyema kueleza kinachosanifishwa. Zamani kila kituo kilikuwa na seva zake na ngome yake, na aliyekuwa ndani ya jengo aliaminiwa. Mpangilio huo uliporomoka pale wafanyakazi walipoanza kufanya kazi wakiwa nje ya ofisi na programu zenyewe zilipohamia nje ya jengo. Mwezi Agosti 2020, Taasisi ya Taifa ya Viwango na Teknolojia ya Marekani ilichapisha mwongozo namba 800-207 unaoeleza kanuni ya kutoamini bila kuthibitisha: kila ombi la kuingia lichunguzwe kwa kuangalia mtu, kifaa na mazingira, hata likitoka ndani ya ofisi. Kiwango cha kimataifa cha ISO/IEC 27001, kilichofanyiwa marekebisho mwaka 2022, nacho kimeongeza udhibiti unaohusu matumizi ya huduma za wingu.

Kwa vitendo, mambo matano husanifishwa. La kwanza ni utambulisho: mtu mmoja, akaunti moja, uthibitishaji wa hatua mbili. La pili ni vifaa: kompyuta isiyo na masasisho hairuhusiwi kufikia taarifa. La tatu ni njia: mawasiliano ya kituo hupitishwa katika huduma ya wingu inayochuja hatari kabla ya kuyafikisha yanakokwenda. La nne ni data: nini kisimbwe, kihifadhiwe wapi, na nakala zake ziwe ngapi. La tano ni mwitikio: nani aarifiwe, kwa njia ipi, ndani ya muda gani.

Ikumbukwe pia kwamba katika huduma za wingu wajibu hugawanywa. Mtoa huduma hulinda majengo, seva na mitambo yake. Mteja hubaki na jukumu la akaunti, haki za watumiaji na usahihi wa mipangilio. Mambo yanayobaki kwa mteja ndiyo yanayotegemea zaidi uelewa wa binadamu. Kwa maneno mengine, kadiri mitambo inavyohamia wingu, ndivyo uzito wa maelekezo yanayosomwa na mfanyakazi unavyoongezeka.

4.0 Mafunzo ya Matukio Matatu

Tukio la kwanza ni la kampuni ya meli ya Maersk. Mwezi Juni 2017 programu hasidi iitwayo NotPetya iliingia katika mtandao wake kupitia programu ya uhasibu ya Ukraine iliyokuwa kwenye kompyuta ya ofisi ya Odessa, ikasambaa duniani ndani ya saa chache. Mwenyekiti wa kampuni alieleza baadaye kwamba seva 4,000 na kompyuta 45,000 zilisimikwa upya ndani ya siku 10. Seva zilizotunza orodha ya watumiaji na haki zao ziliharibiwa zote isipokuwa moja iliyokuwa Ghana, kwa kuwa umeme ulikuwa umekatika huko wakati wa shambulio. Tundu lilipatikana katika ofisi ya pembeni, na wokovu ukatoka katika ofisi nyingine ya pembeni. Hapana msingi, basi, wa kuvihesabu vituo vya mbali kuwa mkia wa mpango.

Tukio la pili lilitokea Machi 2019 katika kampuni ya alumini ya Norsk Hydro ya Norway, yenye vituo vipatavyo 170 katika nchi 40. Programu ya utekaji data ilifunga kompyuta zake. Tangazo la kuwakataza wasiunganishe vifaa vyao kwenye mtandao lilichapwa kwenye karatasi na kubandikwa milangoni. Baadhi ya viwanda viliendelea kufanya kazi kwa mikono, vikisaidiwa na wafanyakazi waliokumbuka taratibu za zamani na nyaraka zilizochapwa. Katika saa ile, chombo kikuu cha usalama kilikuwa karatasi yenye sentensi chache zilizoeleweka.

Tukio la tatu halikuwa shambulio. Tarehe 19 Julai 2024 kampuni ya CrowdStrike, ambayo programu yake ya ulinzi huendeshwa kwa njia ya wingu, ilituma sasisho lenye kasoro. Kompyuta takriban milioni 8.5 za Windows zilikwama, na safari za ndege, hospitali na benki zikaathirika. Kasoro ilienea haraka kwa sababu ileile iliyofanya huduma hiyo ipendwe: amri moja hufika kila mahali. Urekebishaji, kinyume chake, haukuweza kufanywa kutoka mbali kwa kompyuta nyingi. Mtu alitakiwa kukaa mbele ya mashine, kuiwasha kwa namna maalumu na kufuata hatua moja baada ya nyingine. Katika kituo kisicho na mtaalamu, mtu huyo ni karani au fundi mwenye maelekezo mkononi au anayesomewa maelekezo kwa simu.

Afrika Mashariki ina sababu zake za kuyatilia maanani matukio hayo. Mwezi Januari 2021 intaneti ilizimwa nchini Uganda kwa siku kadhaa wakati wa uchaguzi mkuu. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilikatika, na huduma ikadhoofika katika nchi nyingi za ukanda huu. Kituo kinachotegemea wingu kwa kila uthibitisho hubaki bila msaada katika siku kama hizo. Kiwango kinachofaa kwa Hima lazima kiseme wazi nini kifanyike wingu lisipofikika, na kiseme hivyo mahali pasipohitaji intaneti kusomeka.

5.0 Istilahi Tatu na Maana Zake

5.1 Usalama

Kiingereza hutofautisha kwa maneno mawili usalama wa mwili kazini na ulinzi dhidi ya mtu mwenye nia mbaya. Kiswahili hutumia usalama kwa yote mawili. Kiwandani, neno hilo huleta kwanza picha ya kofia ngumu, buti na kinga ya macho. Nje ya kiwanda, mtu wa usalama ni ofisa wa upelelezi wa serikali. Bango linalomtaka mfanyakazi aripoti tukio kwa afisa usalama linaweza kusomwa kwa maana tatu, na mojawapo ni ya kutisha. Katika eneo la mpakani lililopitia miaka ya mashambulizi ya makundi yenye silaha, na katika nchi ambayo Kiswahili kimebeba kwa muda mrefu taswira ya askari na kizuizi cha barabarani, maana hiyo haiwezi kupuuzwa. Aliyebofya kiungo cha hadaa kwa bahati mbaya anahitaji kuripoti ndani ya dakika chache. Akihisi anaitwa kuhojiwa, atanyamaza.

Hata hivyo, mwingiliano wa maana una faida pia. Katika kiwanda chenye tanuri, uvamizi wa kompyuta unaweza kugeuka ajali. Mwaka 2017 iligunduliwa programu hasidi iliyopewa jina la Triton katika kiwanda cha kemikali za petroli nchini Saudi Arabia. Ililenga mfumo ambao kazi yake ni kuzima mitambo wakati wa hatari. Mfanyakazi anayejua kwamba vazi la kinga ni wajibu wa kila mtu, na kwamba kuripoti karibu-ajali hakumletei adhabu, tayari ana utamaduni ambao wataalamu wa mitandao huutafuta kwa gharama kubwa. Inafaa, basi, istilahi usalama ibaki kwa dhana pana, ifungamanishwe na usalama kazini, na pale mtu anapoelekezwa kwa ofisa itumike lugha ya msaada: dawati la msaada wa mifumo, mlinzi wa mifumo, msimamizi wa zamu.

5.2 Wingu

Wingu ni tafsiri ya moja kwa moja ya sitiari ya Kiingereza na imekwisha kukubalika. Tatizo lake ni kwamba linaashiria kitu kilicho juu, kisicho na mwenyewe wala mahali. Ukweli ni kinyume. Data inayopakiwa kutoka Hima hukaa katika jengo fulani, la kampuni fulani, chini ya sheria za nchi fulani. Watoa huduma wakubwa walianza kufungua vituo vyao vya data Afrika Kusini hivi karibuni tu: Microsoft mwaka 2019, Amazon mwaka 2020 na Google mwaka 2024. Kabla ya hapo, taarifa nyingi za kampuni za ukanda huu zilivuka bahari.

Tofauti hiyo ina uzito wa kisheria. Mfanyakazi anayefikiri kwamba wingu halina mahali hawezi kuuliza taarifa zake za mshahara au alama za vidole ziko nchi gani. Neno lenyewe halihitaji kubadilishwa. Linahitaji ufafanuzi unaoambatana nalo kila linapotokea mara ya kwanza katika matini, kwa mfano: wingu, yaani kompyuta za kampuni nyingine, zilizoko mahali panapojulikana, ambazo kampuni yetu hukodi.

5.3 Nywila, nenosiri na namba ya siri

Dhana ya tatu inaonyesha tatizo la visawe. Vitabu na programu za Tanzania hupenda nywila; programu nyingi zilizotafsiriwa na wazungumzaji wengi wa Kenya hutumia nenosiri. Mtumiaji wa kawaida, kwa upande wake, alifundishwa dhana hii na simu. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na huduma ya fedha kwa simu ya MTN ikaanza Uganda mwaka 2009. Tangu hapo mamilioni ya watu wamejifunza kwamba kuna namba ya siri isiyopaswa kutajwa hata kwa wakala. Neno lililokwisha kubeba mwenendo sahihi lina thamani kuliko lile lililo safi kiisimu lakini halijulikani. Katika matini ya mafunzo, namba ya siri inaweza kutumika kama mlango wa kuingilia, kisha nywila au nenosiri likaletwa kama ndugu yake mrefu mwenye herufi na tarakimu. La muhimu ni kampuni ichague neno moja na kulishikilia katika programu, bango na mafunzo.

Matapeli wanaielewa hoja hii vizuri. Nchini Tanzania, ujumbe mfupi unaomtaka mpokeaji atume ile hela kwenye namba nyingine umekuwa maarufu kiasi cha kuwa mzaha. Umeandikwa kwa Kiswahili cha mazungumzo, kwa sauti ya mtu anayefahamiana na mpokeaji. Onyo la kampuni dhidi ya hadaa ya aina hiyo, likija kwa Kiingereza cha kitaalamu, linashindana na mpinzani aliyekwisha kufika nyumbani kwa msomaji.

6.0 Sheria Nyingi, Kiwango Kimoja

Kampuni inayofanya kazi pande zote za Mpondwe haiwezi kudhani kwamba sheria ni moja. Uganda ilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha mwaka 2019, na Ofisi ya Ulinzi wa Data Binafsi ikaanza kuisimamia. Kenya ilipitisha sheria yake mwaka huohuo, Rwanda mwaka 2021 na Tanzania mwaka 2022, nayo ikaanza kutumika Mei 2023. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilitoa Kanuni ya Masuala ya Kidijiti mwaka 2023. Sheria hizi zinafanana katika misingi lakini zinatofautiana katika wajibu wa vitendo. Kwa mfano, sheria ya Uganda inataka mamlaka iarifiwe mara moja data binafsi inapofikiwa na asiyeruhusiwa. Ya Kenya inaweka ukomo wa saa 72.

Njia inayofaa ni kuchukua wajibu mkali zaidi kuwa wajibu wa vituo vyote: arifu mara moja. Hapa tena lugha inaingia. Sheria za Uganda, Kenya na Rwanda zinasomeka kwa Kiingereza, ya Kongo kwa Kifaransa, na Tanzania ina matini za Kiswahili. Mshauri wa sera anayetaka kulinganisha istilahi kama mkusanyaji wa data, mchakataji wa data na mhusika wa data hana kamusi moja ya kikanda yenye nguvu ya kisheria. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikubali Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza na Kifaransa mwaka 2021. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, yenye makao yake Zanzibar, ina nafasi ya kuanzisha kazi hiyo kwa ushirikiano na BAKITA, BAKIZA na vyombo vya nchi nyingine wanachama.

7.0 Lugha Ipi, kwa Nani?

Hoja ya upinzani ni kwamba Kiswahili si lugha ya kwanza Kasese, na kwamba kukiingiza katika kiwango ni kuongeza mzigo. Hoja hiyo ina ukweli. Katiba ya Uganda, baada ya marekebisho ya mwaka 2005, inakitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, na mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kitekelezwe na kifundishwe kwa lazima shuleni. Amri peke yake haileti uelewa, kama tangazo la Idi Amin la mwaka 1973 lilivyokwisha kuonyesha. Bango la Kiswahili lililobandikwa Hima bila maandalizi linaweza kuwa geni kama la Kiingereza.

Jibu linalopendekezwa hapa ni kugawa kazi kati ya tabaka tatu. Tabaka la kwanza ni matini ya kisheria, kwa Kiingereza au Kifaransa, inayosomwa na wakaguzi na wanasheria. La pili ni matini ya utendaji ya kikanda, kwa Kiswahili sanifu, yenye sentensi fupi zilizopewa namba, inayotumika kwa namna ileile Mombasa, Tororo, Hima na Beni. La tatu ni maelezo ya mdomo kwa lugha ya mahali, ambayo Hima na Bwera ni Lukonzo, yanayotolewa na msimamizi wa zamu kwa kufuata namba za tabaka la pili. Kiswahili kinafaa kwa tabaka la kati kwa sababu ndiyo lugha inayoweza kuvuka mpaka wa Mpondwe bila kubadilishwa. Si lazima iwe lugha ya nyumbani ya kila msomaji.

Matini ya tabaka la pili inaweza kuwa kama ifuatavyo:

1. Usimpe mtu yeyote namba yako ya siri, hata akisema anatoka makao makuu.
2. Ukipata ujumbe wa kubadilisha namba ya malipo, usitekeleze. Mpigie mhusika kwa namba uliyokuwa nayo zamani.
3. Kompyuta ikionyesha maandishi ya kudai fedha, usiizime. Chomoa waya wa mtandao, kisha piga simu kwa namba iliyo ukutani.
4. Ukikosea, sema mara moja. Anayeripoti mapema haadhibiwi.
5. Intaneti ikikatika, fuata daftari jekundu lililo katika chumba cha uendeshaji.

Sentensi hizo hazina istilahi hata moja ngumu, lakini zinagusa utambulisho, njia, data na mwitikio. Sentensi ya nne inahitaji kuungwa mkono na sera ya ajira. Isipokuwa kweli, ni afadhali isiandikwe.

Hatari ya mpangilio wa tabaka ni tafsiri kuachana. Udhibiti wake unajulikana kwa watafsiri: kila sentensi iwe na namba na tarehe ya toleo, tafsiri ya Kiswahili irudishwe katika lugha ya asili na mtu mwingine kabla ya kuidhinishwa, na badiliko lolote katika tabaka la kwanza lisianze kutumika mpaka tabaka la pili limesasishwa. Utaratibu huo ni sawa na ule wanaoutumia wahandisi kwa masasisho ya programu.

8.0 Hitimisho na Mapendekezo

Makala yameonyesha kwamba huduma za wingu huwezesha amri moja kufika vituo vyote, na kwamba uwezo huo huongeza wajibu wa maneno yanayoandamana na amri. Maersk, Norsk Hydro na CrowdStrike zinathibitisha kwamba mtandao unapoanguka, kinachobaki ni mtu aliye kituoni na maelekezo anayoweza kuyaelewa. Hima inaonyesha ugumu wa kumfikia mtu huyo: umiliki hubadilika, mnyororo wa wabia ni mrefu, mpaka uko karibu, na neno usalama lenyewe lina historia.

Mapendekezo manne yanatolewa. Kwanza, kampuni zihesabu gharama ya tafsiri na majaribio ya uelewa ndani ya bajeti ya usalama wa mitandao, sambamba na leseni za programu. Pili, mikataba ya mauzo ya viwanda iwe na kifungu kinachotaka akaunti za zamani zifungwe na maelekezo mapya yafundishwe katika lugha za kituo kabla ya makabidhiano kukamilika. Tatu, mamlaka za ulinzi wa data katika nchi za Jumuiya zikubaliane juu ya faharasa ya Kiswahili ya istilahi za msingi, kwa kuanzia na zile zinazohusu kuarifu uvamizi. Nne, vyuo vikuu vyenye idara za Kiswahili vifanye utafiti wa uelewa katika maeneo ya viwanda na mipakani, kwa kuwapa wafanyakazi matini halisi na kupima wanachokifanya baada ya kuisoma. Bwera na Mpondwe, ambako lugha za nchi mbili hukutana kila siku sokoni, ni mahali pazuri pa kuanzia.